Mpeni Mhasibu Maiti

Mhariri akikualika kahawa badala ya kukujibu kwa barua pepe, jua ameshakataa. Mimi sikujua. Nilivaa shati safi, nikapanda matatu mapema, nikafika kwenye mkahawa dakika ishirini kabla ya saa na kuagiza chai ya bei ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimempelekea sura tatu za riwaya ya upelelezi, ya kwanza katika mfululizo ninaoupanga. Mpelelezi wangu ni mhasibu wa uchunguzi, mwanamke wa miaka arobaini na kitu. Hana bastola, hana gari la kufukuzia mtu. Ana kalkuleta na faili la plastiki la kijani. Watu wanauawa, na yeye anamtafuta muuaji ndani ya vitabu vya hesabu.

"Lugha iko sawa kabisa," mhariri akasema. "Lakini hesabu, buda? Nani atasoma hesabu? Mfanye polisi. Polisi mlevi, bibi amemwacha. Ama basi mpe bunduki."

Nimekuwa nikimjibu kichwani tangu siku hiyo, kwenye matatu, bafuni, kwenye foleni ya benki. Wacha sasa nimjibu mbele ya watu.

Nianze na hilo la nani atasoma hesabu. Kwani tunaishi wapi? Huu ni mji ambao mapenzi ya miaka mitatu yanaisha kwa sababu mtu amepata steitimenti ya M-Pesa ya mwenzake na kukuta jina moja linajirudia kila Ijumaa saa mbili usiku, mia tano, mia tano, mia tano, halafu elfu tatu siku ya wapendanao. Nimewaona watu waliopata D ya hesabu KCSE wakikaa na kurasa kumi na nne za steitimenti, wakipigia mistari, wakilinganisha tarehe na picha za Instagram, na kutoa hukumu kabla ya chakula cha jioni. Rufaa hakuna. Muulize mweka hazina yeyote wa chama aliyewahi kuambiwa na akina mama, kwa sauti ile ya chini, alete kitabu. Sisi tunasoma hesabu hadi usiku wa manane, mradi kuna mtu wa kukamatwa mwishoni.

Na si ati nimezua kitu kipya. David Dodge alikuwa mhasibu wa kodi huko San Francisco. Inasimuliwa kwamba aliweka dau la dola tano na mkewe kuwa angeweza kuandika riwaya ya upelelezi bora kuliko zile walizokuwa wakisoma likizoni. Mwaka 1941 ikatoka Death and Taxes, na mpelelezi wake ni James Whitney, naye mhasibu wa kodi wa San Francisco, ambaye mshirika wake wa ofisini ameuawa. Vitabu vingine vitatu vya Whitney vilifuata. Miaka ishirini baada ya Dodge wakaja wanawake wawili wa Marekani, Mary Jane Latsis, mchumi, na Martha Henissart, mwanasheria. Walikata vipande vya majina yao, wakaviunganisha, wakajiita Emma Lathen. Mpelelezi wao, John Putnam Thatcher, ni mkubwa katika benki moja ya Wall Street, mtu wa mezani kabisa, na walimwandikia riwaya 24. Katika mojawapo, Accounting for Murder ya mwaka 1964, mhasibu aliyeingia kwenye kampuni kupekua vitabu vyake ananyongwa kwa waya wa mashine yake mwenyewe ya kuhesabia. Biashara ya kampuni yenyewe ni mashine za kuhesabia. Niambie kama hapo pamepoa.

Karibuni zaidi kuna Ava Lee wa Ian Hamilton, mhasibu wa uchunguzi wa Toronto aliyeanza kazi mwaka 2011, anayezunguka dunia akifuata pesa za watu walioibiwa na kukata asilimia yake. Huyo hata mhariri wangu angemchukua, kwa sababu anajua pia kupiga watu.

Wanachokijua waandishi hawa ni kwamba karatasi ni shahidi asiyejua kunyamaza. Mtu anaweza kulipwa asiseme, anaweza kuhamishwa kituo, anaweza kusahau. Ankara inakaa pale. Mfano mdogo, wa kazini kabisa. Kampuni inaiuzia ofisi ya umma madawati. Ankara ya Januari ni namba 007. Ya Aprili ni 008. Ya Agosti ni 009. Hebu tulia hapo. Kampuni hiyo haina mteja mwingine duniani. Hakuna duka, hakuna karakana, pengine hakuna hata meza. Kuna mtu, kitabu cha ankara cha kununua River Road, na rafiki ndani ya ofisi. Au chukua delivari yenye tarehe ya Madaraka, siku ambayo geti lilikuwa limefungwa na askari wa geti ameandika hivyo kwenye kitabu chake. Au lori lililobeba tani kumi za saruji, ukitafuta namba ya usajili unakuta ni pikipiki. Au hii, ambayo inanifurahisha kuliko zote: katika vitabu vya kweli vyenye namba nyingi za kila ukubwa, karibu asilimia 30 ya kiasi zote huanza na tarakimu 1, na zinazoanza na 9 hazifiki asilimia 5. Inaitwa sheria ya Benford. Anayebuni namba kichwani hajui hivyo, anazitawanya sawasawa kama mtu anayepanda maharagwe, akidhani ndivyo bahati inavyofanana. Uongo wake unaonekana kutoka mbali, kabla hujasoma hata jina moja.

Sasa linganisha na alama ya kiatu kwenye matope.

Sisemi hatuna mapokeo. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla amekuwa akivuta kiko chake na kufikiri tangu Mzimu wa Watu wa Kale, 1960. Willy Gamba wa Elvis Musiba amepiga risasi kiasi cha kutosha jeshi dogo. Hapa kwetu David Maillu alitupa Benni Kamba, wakala 009. Nikiwa form three niliona Siri ya Sifuri kwenye rafu ya maktaba na nikadhani hatimaye nimepata kitabu cha mhasibu. Alikuwa ni Bwana Msa tena, na nikakisoma hivyo hivyo. Mukoma wa Ngugi katika Nairobi Heat alisogea karibu sana na ninachokitaka, kwa sababu katikati ya kesi ile kuna pesa za hisani na watu waliojua kuzila. Namheshimu kwa hilo. Ila wanaofika kwenye ukweli bado ni wapelelezi wa polisi, na bastola.

Kinachonikera ni nani tunamfanya muuaji. Fikiria hadithi za uhalifu unazozikumbuka, za vitabu na za skrini, zenye Nairobi ndani. Mara ngapi muuaji ni kijana wa Eastlands mwenye kofia na bastola ya kuunda? Na yule aliyemtuma, tukimwona, tunamwona dakika tano za mwisho, nyuma ya kioo cheusi cha gari kubwa, na kioo kinapanda. Mwisho. Tunaita huo mwisho wa kuacha maswali. Mimi naita uvivu. Mwandishi amefuata damu hadi mlango wa ofisi, akaona kuna karatasi ndani, akaamua kuishia hapo. Na tumeizoea sura ya yule kijana mwenye kofia kiasi kwamba polisi wakimpiga mtu risasi Mathare, swali la kwanza midomoni mwetu ni kijana alikuwa ameiba nini.

Wacha niseme kwa nini jambo hili linaniuma kuliko linavyopaswa.

Nikifanya CPA nilipata atachimenti katika kampuni ndogo ya ukaguzi, na tukapelekwa hospitali moja ya kaunti. Sitaitaja, na kampuni pia sitaitaja. Kazi yangu ilikuwa kutiki vocha kwa kalamu ya kijani. Unachukua vocha ya malipo, unaangalia kama nyaraka zote zipo nyuma yake, unatiki, unaenda inayofuata. Ni kazi ya kulaza akili. Siku ya tatu nikafika kwenye vocha ya mitungi 40 ya oksijeni.

Ilikuwa vocha nzuri. LPO ipo. Delivari ipo, na muhuri. Ankara ipo. Cheti cha kamati ya kukagua na kupokea mali kipo, sahihi tatu. S13, ile fomu ya stoo ya kuonyesha mali imeingia, ipo na imejazwa kwa mwandiko wa kupendeza. Kwa kweli ilikuwa safi kuliko vocha zote nilizokuwa nimeona pale, ambapo nyingine zilikuwa na doa la chai na nyingine hazina hata tarehe. Usafi huo ungeniambia kitu kama ningekuwa na akili ya kazi. Sikuwa nayo. Nilienda stoo kwa sababu nilitaka kutembea kidogo.

Mzee wa stoo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, redio ndogo masikioni. Nilimsalimu, nikamwambia naomba kuona mitungi. Akaitazama karatasi muda mrefu.

"Kijana, hiyo oksijeni ilikuja kwa karatasi."

Sikuelewa. Nikamuuliza, "Na sahihi hii ni ya nani, mzee?"

"Yangu." Akazima redio. "Niliitwa ofisini, nikaletewa. Ningekataa, ningekuwa nani?"

Alikuwa amebakisha miaka miwili astaafu. Hilo aliniambia bila kuulizwa.

Nikajipa moyo kwamba labda mitungi ilipelekwa moja kwa moja wodini, mambo hayo hutokea. Nikaenda wodini. Sista aliyekuwa zamu hakuwa na mitungi ila alikuwa na kitabu, kile cheusi cha kaunta chenye jalada gumu, alichokinunua kwa pesa yake. Humo alikuwa akiandika kila usiku oksijeni ilipoisha. Tarehe, saa, namba ya kitanda, jina, na kama alipiga simu na ni nani aliyepokea. Kando ya majina mengine alikuwa amechora mstari mfupi wa wino mwekundu. Nilimuuliza mistari ni ya nini. Akanitazama kama unavyomtazama mtoto anayeuliza kwa nini watu wamevaa nyeusi.

Kati ya tarehe ya vocha na siku niliyosimama pale nilihesabu mistari kumi na mmoja. Sisemi wote kumi na mmoja wangepona. Sista mwenyewe hakusema hivyo, na alikuwa makini kutosema.

Niliandika yote kwenye karatasi za kazi, na tarehe zake, kwa pande mbili za ukurasa: kushoto vocha, kulia kitabu cha sista. Bosi wangu alisoma, akavua miwani, akaniambia bila hasira yoyote, "Sisi hatukuja kukagua vifo." Akanielekeza namna ya kuandika. Katika barua ya menejimenti sentensi ilitoka hivi: kuna udhaifu katika utunzaji wa kumbukumbu za stoo. Niliichapa mimi, kwa vidole hivi. Menejimenti ikajibu kwamba maoni yamezingatiwa. Mwisho wa atachimenti nikapewa barua ya kunisifu, kijana mwenye bidii na heshima, na niliitumia kutafutia kazi.

Kwa hiyo mhariri anaponiambia hesabu hazina msisimko, anazungumza na mtu aliyeshika mkononi kitu ambacho hajui jina lake hadi leo, akakitafsiri kuwa udhaifu wa stoo.

Ona jinsi ilivyo salama, hiyo namna ya kuua. Daktari ameandika chanzo cha kifo: nimonia. Ni kweli, walikuwa na nimonia. Polisi aje afanye nini? Hakuna jeraha, hakuna silaha, hakuna mahali pa tukio pa kuzungushia utepe wa njano. Yule polisi mlevi aliyeachwa na bibi angepita kwenye ukumbi ule mara mia na asione kesi. Vocha iko ofisi ya uhasibu, kitabu cheusi kiko wodi, na kati yake ni ukumbi mmoja wenye benchi na bango la kunawa mikono. Anayeweza kuviweka viwili hivyo kwenye meza moja na kuona mauaji ni mtu mmoja tu, na ni yule mliyeniambia nimnyang'anye kalkuleta nimpe bunduki.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu, na halikutoka kwa mhariri, lilitoka kwa dada yangu. Alisema: riwaya ya upelelezi inataka siri, na Kenya hakuna siri. Tunajua nani alikula. Katiba, kifungu cha 229, inamtaka Mkaguzi Mkuu atoe ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, na ripoti zinatoka, na ziko wazi, na zinataja miradi kwa majina na pesa kwa senti. Sasa mpelelezi wako atafichua nini?

Ilinichukua wiki mbili kumjibu. Ni kweli, swali la nani alikula limechosha, hata mtoto wa darasa la nne analijua. Lakini pesa ya umma hailiwi na mtu mmoja. Vocha moja hupita meza nyingi: kuna aliyeiandaa, kuna aliyeikagua, kuna anayeshika kitabu cha kudhibiti bajeti, kuna mwenye AIE aliyeidhinisha, kuna aliyeiingiza IFMIS, kuna aliyebonyeza malipo. Kila mmoja alikuwa na sekunde chache ambazo angeweza kusema hapana. Siri yangu iko kwenye sekunde hizo. Nani alijua? Nani alishuku akaangalia dirishani? Nani alipewa kitu, na nani hakupewa chochote, akasaini bure, kwa uoga tu? Huyu wa mwisho ndiye ananinyima usingizi, maana ripoti haiwezi kumwandika. Ripoti ina safu ya kiasi na safu ya maelezo. Haina safu ya uoga. Riwaya inayo.

Na hapa niwageukie wenzangu waandishi, maana tumekuwa tukidanganyana. Tukiandika ufisadi, tunamchora mheshimiwa mwenye kitambi. Anakula nyama choma, anacheka kwa sauti, ana simu tatu na mpango wa kando. Msomaji anamchukia kuanzia ukurasa wa pili na kulala vizuri, kwa sababu yeye hana kitambi. Mimi niliowaona wanasaini walikuwa watu wa heshima. Mmoja alikuwa shemasi. Mwingine alikuwa akilipia karo watoto wa marehemu kaka yake. Bosi wangu, aliyeniambia hatukukuja kukagua vifo, ndiye mtu wa kwanza kuninunulia tai. Ukitaka kumtia msomaji wa Nairobi baridi mgongoni, mwachie mheshimiwa kitambi chake. Muonyeshe muuaji anayefanana na mjomba aliyemtafutia kazi.

Kila nikitetea jambo hili kuna mtu huniletea Al Capone. Si unajua, anasema, hata Capone alikamatwa na wahasibu! Najua. Frank Wilson, wa idara ya kodi, alichimbua leja ya zamani iliyokuwa imekamatwa kwenye msako na kusahaulika, akafuata mwandiko uliokuwa ndani hadi akampata mwandishi wa vitabu aliyeuandika. Oktoba 1931 Capone akafungwa miaka 11, na sifa za mtaani zikamwendea Eliot Ness, mwenye bunduki. Lakini kesi ilikuwa ya kodi. Wale watu saba waliopigwa risasi Chicago siku ya Valentine mwaka 1929, hakuna aliyewahi kupatikana na hatia kwa ajili yao. Mimi sitaki mfano huo. Unasema tukishindwa na mauaji, tujaribu kodi, kama mtu anayedai ng'ombe akapewa kamba. Ninachotaka hesabu zifanye ni kuyathibitisha mauaji yenyewe, zisimame kizimbani zikiwa na majina ya waliokufa.

Mifano yetu iko karibu, na imejaa damu. Februari 1990 waziri wa mambo ya nje, Robert Ouko, alitoweka nyumbani kwake Koru, na mwili wake uliochomwa ukapatikana Got Alila. Hadi leo ukikaa na wazee wa Kisumu watakusimulia gari lililoonekana alfajiri, mchungaji aliyeona moshi, bastola iliyokuwa kando. Tunaijua picha hiyo kama filamu. Lakini John Troon, mpelelezi aliyeletwa kutoka Scotland Yard, alijikuta akichimba kiwanda cha molasi cha Kisumu, mradi uliokwama, na madai ya hongo yaliyouzunguka. Kiwanda! Nani kati yetu ameandika riwaya inayoanzia kwenye faili la kiwanda cha molasi? Tumeimba gari, tumeimba moshi. Hakuna aliyepatikana na hatia, na hesabu za molasi tumeziacha ziwe maelezo ya chini.

Au David Munyakei, karani wa Benki Kuu aliyeona malipo ya Goldenberg yakipita mezani kwake: fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa nje, na nchi haina mgodi wa almasi hata mmoja. Alitoa karatasi nje. Akakamatwa, akafutwa kazi, akafa mwaka 2006 akiwa maskini. Billy Kahora aliandika kitabu kizuri juu yake, kitabu cha mambo ya kweli. Nashukuru kipo. Ila hebu mfikirie kama mhusika. Kijana wa ishirini na kitu, suti moja, ameketi ndani ya jengo lenye ulinzi kuliko yote nchini, na namba zilizo mbele yake haziwezekani. Kila siku anarudi nyumbani na kulala akijua. Hakuna mwandishi wa kusisimua duniani aliyebuni chumba chenye hofu kama kile, na ndani yake hamna silaha, mna karani na faili.

Mhariri aliniuliza pia kwa nini mfululizo, kwa nini nisiandike kimoja nione. Kwa sababu muuzaji wangu wa oksijeni hatakamatwa kitabu cha kwanza. Kampuni itafungwa, wakurugenzi watabadilika, mke atatoka na shemeji ataingia. Kitabu cha pili yuko kwenye mbolea. Cha tatu anajenga ukuta wa shule. Mhasibu wangu anamtambua kwa mwandiko, namna anavyoandika 7 na kuipiga mstari katikati, na wasomaji watajifunza kuitafuta hiyo 7 wao wenyewe. Na kila kitabu kitafika kilele wiki ile ile, kwa sababu mwaka wetu wa fedha unaisha tarehe 30 Juni, na anayejua ofisi za umma anajua siku za mwisho za Juni zilivyo: taa hazizimwi, vocha zinapita kwa rundo, na hakuna anayesoma anachosaini. Waingereza wana usiku wao wa ukungu. Sisi tuna tarehe 28 Juni.

Kuna kitu kimoja ambacho mhariri alikuwa sahihi juu yake bila kujua. Zile sura tatu zilikuwa mbaya. Nilikuwa nimeanza na maiti ukurasa wa kwanza, mwanamume aliyepigwa risasi mbili kifuani kwenye maegesho ya magari Upper Hill, na mvua, na taa za bluu. Niliiweka kwa sababu niliogopa. Nilidhani bila risasi hakuna atakayenifuata hadi kwenye hesabu. Mimi niliyekuwa na kitabu cha sista kichwani miaka yote hii, nilikwenda kuazima maiti ya televisheni.

Nimemtumia tena wiki iliyopita. Maegesho nimeyatoa, na mvua pia. Sasa kinaanza saa mbili asubuhi, Jumatatu. Karani anaingia stoo na S13 ya mitungi 40, tayari imejazwa. Mzee wa stoo anamwambia angojee kidogo, anatafuta miwani ili asaini.